Jinsi ya Kufuatilia Ukoo wa Wahugenoti Hadi New Paltz

Karibuni, watazamaji wangu. Leo tunaufuata ukoo wa DuBois. Walikuwa Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, na walihamia koloni lililokuja kuitwa New York.

Kwanza, usianzie Ufaransa. Anza na bibi na babu unaowajua, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja kwa vyeti na sensa. Kazi hii inachosha, lakini ukiiruka utajikuta umejiunga na ukoo wa watu wengine.

Ukifika miaka ya 1600, fungua daftari la ubatizo la kanisa la Kiholanzi la Kingston, mji jirani na New Paltz, daftari lililoanza 1660. Ngoja nikuze picha. Mwaka 1661 anabatizwa Jacob, mtoto wa Louis DuBois na Catherine Blanchan. Umeona? Mama ameandikwa kwa jina la kwao, si la mumewe. Hapo umepata ukoo wa pili, kwa hiyo Blanchan mwandike pembeni. Soma na wasimamizi wa ubatizo, maana mara nyingi ni ndugu wa wazazi. Tahajia isikutishe, makarani waliandika majina walivyoyasikia. Ndivyo Crespel alivyokuja kuwa Crispell, na Frère akawa Freer.

Sasa twende kwenye ardhi. Mwaka 1677 wanaume 12, Louis DuBois akiwemo, wengi wao wakiwa ndugu na wakwe, walinunua ardhi kwa Waesopus, wenyeji wa eneo hilo. Gavana Edmund Andros akaithibitisha kwa hati, na mwaka uliofuata wakaanza kuijenga New Paltz.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wamesikia kwamba mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Wahugenoti kuabudu, mwaka 1685, basi kila Mhugenoti wanamtafuta kwenye meli za baada ya hapo. Hawa walikuwa wameshajenga miaka saba kabla! Jina la mji lenyewe linakuonyesha njia: Pfalz, eneo la Ujerumani walikokimbilia mwanzo. Kwa hiyo nenda Mannheim, walikooana Louis na Catherine mwaka 1655, ndipo uvuke kwenda upande wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa ya leo.

Halafu rudi New Paltz, usome wasia na orodha za mali mpaka mstari wa chini. Katikati ya vitanda na ng'ombe utawakuta Waafrika waliofanywa watumwa wa nyumba hizo, mara nyingi kwa jina moja tu. Nakili majina hayo pia, pamoja na mwaka na ukurasa. Kuna wajukuu wanaowatafuta, na huenda hakuna karatasi nyingine inayowataja.