Sarajevo, mji uliojengwa kwa wakfu

Haya jamani, karibuni, nyie mliosimama nyuma sogeeni. Leo ni Sarajevo, kule Bosnia, na naanza na pesa, maana watu wakisikia Waosmani, wale watawala wa dola ya Kituruki iliyoishika Bosnia, wanawaza farasi na mapanga tu, kumbe ule mji umesimama juu ya hati za wakfu, yaani mali mtu anayoitoa moja kwa moja kwa ajili ya dini na huduma za watu.

Mwaka 1462 gavana Isa-beg Ishaković anaandikisha wakfu wake: daraja la mto Miljacka, vinu vya kusagia nafaka, nyumba ya kulaza wasafiri, maduka. Ila aliyeupaisha mji hasa ni Gazi Husrev-beg, mjukuu wa Sultani Bayezid wa Pili kwa upande wa mama, kaanza ugavana 1521. Huyu bwana kajenga msikiti mkubwa, ukaisha kama 1531, akaongeza hamamu, yaani bafu la umma, jiko la kulisha maskini, soko la kuezekwa, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, kodi ya pango ya yale maduka ndo inamlipa imamu, mwalimu, mpishi, wote. Duka la wakfu haliuzwi wala halirithiwi, kwa hiyo gavana akifa jiko linaendelea kupika.

1537 akaweka madrasa, na kwenye hati akaagiza pesa itakayobaki kwenye ujenzi inunuliwe vitabu, watu wasome na anayetaka kunakili anakili. Mimi hicho kipengele kimoja nakipenda kuliko minara yote! Ndo mwanzo wa maktaba ambayo ipo mpaka leo, na mji ulipozingirwa miaka ya 1992 hadi 1995 watu walivihamisha vile vitabu jengo hadi jengo, risasi zinapigwa.

Pembeni ya msikiti kuna mnara wa saa, na jua likizama saa inasoma kumi na mbili, yaani Mswahili akifika pale haelekezwi. Ila kule jua la kiangazi na la baridi yanapishana sana, hivyo lazima kuwe na mtu wa kupanda kurekebisha mishale.

Wayahudi waliotimuliwa Hispania wakafika karne ya 16, sinagogi lao likajengwa karibu 1581, pale pale jirani na soko. Sisemi palikuwa peponi, wasio Waislamu walilipa jizya, ile kodi yao peke yao, na walikuwa chini kisheria.

Oktoba 1697 Eugene wa Savoy akaja na jeshi la Austria akauchoma mji. Viwanja vya wakfu vikabaki vya wakfu, watu wakajenga upya juu yake, na Austria iliporudi 1878 kutawala ilizikuta wakfu bado zinafanya kazi, ikabidi iziundie kamisheni ya kuzisimamia. Haya, maswali.