Aprili mbili na bahasha ya kaki

Shikamooni wazee wangu. Wengine hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kumsikiliza mkalimani, mtu ambaye kazi yake siku zote ni kusema maneno ya wengine. Leo nitasema yangu.

Nani humu hajawahi kuletewa bahasha ya kaki, ile ya barua za ofisi za serikali? Naona mnacheka. Ikidondoka mlangoni tu, moyo unakwenda mbio kabla hujaichana. Mimi nimezifungua nyingi, zangu na za watu, na nimezoea kuuliza jambo moja: barua hii imezaliwa na bajeti gani?

Turudi tarehe 22 Juni 2010. George Osborne, Waziri wa Fedha wa Uingereza katika serikali ya mseto ya vyama vya Wahafidhina na Liberal Democrats, alisoma bungeni bajeti ya dharura. Nakisi ilikuwepo, tena kubwa, kama asilimia 10 ya pato la taifa. Sitawaficha hilo. Lakini mabenki yalikuwa yameanguka mwaka 2008, serikali ikayaokoa kwa fedha za umma, uchumi ukasinyaa na kodi zikapungua. Osborne akaamua mzigo mkubwa ubebwe kwa kukata matumizi. Na kodi kubwa zaidi aliyoipandisha ni ile ya kila anayeshika kikapu: VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 17.5 hadi 20 kuanzia Januari 2011. Akawa anasema sote tumo pamoja.

Wahafidhina hupenda kuifananisha nchi na nyumba: kipato kikipungua, mnafunga mkanda. Wazee wa Tanzania neno hili mnalijua. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, na mkanda ule tukazeeka nao! Haya, tuukubali mfano wao wa nyumba. Katika nyumba niliyolelewa Tanga, unga ukipungua mama ndiye aliyesema ameshiba. Hakuna aliyeanza kwa kumpunguzia mgonjwa uji.

Sasa tazameni Aprili 2013. Tarehe 1, watu wa umri wa kufanya kazi waliopanga nyumba za kaunsili, yaani serikali za mitaa, na za mashirika ya makazi walianza kukatwa msaada wa kodi ya pango wakionekana wana chumba cha ziada: asilimia 14 kwa chumba kimoja, 25 kwa viwili au zaidi. Watu wakaiita kodi ya chumba. Tarehe 6, siku tano baadaye, kiwango cha juu cha kodi ya mapato, kwa waliopata zaidi ya paundi 150,000 kwa mwaka, kikashushwa kutoka asilimia 50 hadi 45. Wiki moja, serikali moja, na mkanda uliofungwa kiunoni mwa mtu mmoja ukalegezwa kwa mwingine.

Mwaka huo nilimfasiria mama mmoja. Kiapo changu hakiniruhusu kumtaja. Figo zake zilikuwa zimechoka, na katika chumba cha pili alikuwa na mashine ya kusafisha damu, pamoja na maboksi ya mirija na mifuko ya maji yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Kijana wa ofisini alimuuliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kama amefikiria kuhamia nyumba ndogo zaidi. Nikafasiri: "chumba cha ziada". Mama akanigeukia mimi, si yule kijana. "Mwanangu, ziada ya nini? Mwambie hiyo ni hospitali yangu." Nikamwambia. Akaandika kitu. Baadaye kaunsili ikampa fedha za kuziba pengo, lakini za muda, na kila zikikaribia kwisha ilibidi aombe upya na aeleze tena kwamba figo hazijapona.

Aprili ya pili ni ya 2017. Kodi ya faida za makampuni, iliyokuwa asilimia 28 mwaka 2010, ilifika 19 tarehe 1. Tarehe 6 ukaanza ukomo wa watoto wawili: mtoto wa tatu akizaliwa kuanzia siku hiyo, familia haikupata sehemu yake ya msaada, na kwa miaka ya karibuni sehemu hiyo ilizidi paundi 3,000 kwa mwaka. Wakasema ni kuwafunza watu kupanga uzazi kama wafanyavyo wanaofanya kazi. Wengi wa waliokatwa ni familia zenye mtu anayekwenda kazini kila siku!

Kulikuwa na msamaha kwa mtoto aliyepatikana kwa kubakwa. Mama ajaze fomu, na mtu wa taaluma, kama daktari au ofisa ustawi, athibitishe maelezo yake. Tena awe haishi na aliyemfanyia. Nimeifasiri fomu hiyo mara moja. Neno lenyewe kwa Kiswahili ninalijua, lakini lilichukua muda kutoka. Yule dada alijibu "ndiyo" akiwa anaangalia viatu vyake, na mimi nikaangalia vyangu.

Na faida? Nakisi aliyoahidi Osborne kuimaliza ndani ya muhula mmoja ilikuwa bado ipo mwaka 2015. Benki za chakula za Trussell Trust ziligawa vifurushi kama 61,000 mwaka 2010/11. Mwaka 2018/19 vilikaribia milioni 1.6. Mwezi Novemba 2018 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, Philip Alston, aliizunguka nchi hii na kueleza kwamba watu milioni 14 wanaishi katika umaskini.

Msidhani nawapigia debe chama cha Labour. Waliingia madarakani Julai 2024, na mwezi huohuo wakawasimamisha chamani wabunge wao saba waliopiga kura ya kutaka ukomo wa watoto wawili uondolewe. Ilibidi isubiriwe bajeti ya Novemba 2025 ndipo itangazwe kwamba utaondoka Aprili 2026. Mwenye watoto wanne asishangilie haraka: kikomo cha jumla ya msaada kwa kaya bado kipo, na hela uliyoongezewa huku inaweza kukatwa kule.

Nimeona wawili watatu mmekuja na bahasha zenu. Nitakaa meza ile karibu na birika la chai. Leteni kurasa zote, na ule wa nyuma pia, maana siku ya mwisho ya kukata rufaa huandikwa huko.