Samaki wa uani, Uyole: tuanze na baridi

Shikamooni wazee. Nanyi vijana, poleni na baridi. Naona wengine mmevaa makoti mawili mawili. Haya, nyinyi mmevaa. Sato aliye bwawani kavaa nini?

Joto la mwili wa samaki ni lile lile la maji aliyomo. Sato hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 25 mpaka 30. Yakishuka chini ya 20 anadonoa tu, yakifika 16 hivi anasusa kabisa, na yakikaribia 10 anakufa. Wenzetu wa Kyela wako kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, sisi Uyole tunakaribia 1,800. Ukisikia samaki anavunwa kwa miezi sita, uliza kwanza bwawa hilo liko wapi. Mimi hupandikiza vifaranga Septemba na kuvua Mei, kabla Juni haijabisha hodi.

Bwawa langu la kwanza nililichimba chini ya miparachichi, nikidhani kivuli ni starehe yao. Maji yalinifika magotini. Julai ile samaki walijilaza chini kimya, pumba ikaelea mpaka jioni, ikaoza. Nikanunua dawa! Kumbe hawakuwa na ugonjwa wowote.

Kwa hiyo chimba palipo wazi, jua lipige kutwa. Mita 6 kwa 10 zinatosha kwa uani. Upande wa kuingizia maji kina kiwe sentimita 80, upande wa kutolea mita 1.2 hadi 1.5, maana maji mengi hayapoi upesi usiku. Na ndugu zangu wenye mfereji, acheni kuyapitisha maji bwawani usiku na mchana. Maji ya mlimani ni baridi, tena yanaondoka na ule ukijani ambao ni chakula cha bure. Jaza, funga, halafu ongeza tu yanayopungua.

Udongo wetu nao una yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini. Haushiki maji hata uushindilie vipi. Kama huna mfinyanzi wa kusomba, tandika nailoni nzito, usibishane nao.

Vifaranga viwe viwili au vitatu kwa mita ya mraba, yaani 120 hadi 180 kwa bwawa hilo. Hapa ndipo nilipopigwa. Niliuziwa "madume matupu", baada ya miezi minne bwawa likajaa samaki wa ukubwa wa kidole. Jike la sato hulea mayai mdomoni, na akilea huwa hali chakula. Halafu watoto wanagombania pumba na wazazi. Siku hizi wakifika gramu 30 hivi nawageuza tumbo juu, mmoja mmoja: dume ana matundu mawili, jike matatu. Majike yanaishia sufuriani. Kazi ya kuumiza macho, lakini inalipa.

Kulisha: saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, maji yameshapata jua. Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga kidogo. Samadi ya kuku weka taratibu. Zamisha mkono, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi: acha samadi. Ukiwakuta alfajiri wanatweta juu ya maji, hewa imewaishia: siku hiyo usilishe, ongeza maji mapya.

Mama wa pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nitaje nailoni. Karibu, uliza.