Gosa: orodha ya matokeo inapogeuka orodha ya kufa

Karibuni. Tuanze na jina, maana nusu ya filamu imo humo. Nje ya Korea Kusini iliuzwa kama Death Bell. Nyumbani inaitwa Gosa, yaani mtihani. Ila silabi ya pili, sa, haikuandikwa kwa herufi za Kikorea. Imewekwa herufi ya Kichina ya kifo, ambayo nayo husomwa sa. Mkorea akilitazama bango anasoma mtihani na kifo kwa mkupuo mmoja. Jina la Kiingereza limeumwaga utamu huo wote.

Iliingia kumbi za sinema tarehe 6 Agosti 2008. Wakorea wana mazoea ya kutoa filamu za kutisha msimu wa joto, kwa imani kwamba mwili ukisisimka joto hupungua. Zaidi ya hapo, Suneung, mtihani wa kuingia vyuo vikuu, mwaka ule ulifanyika tarehe 13 Novemba. Zilikuwa zimebaki siku 99. Suneung si jambo dogo: wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege haziruki wala hazitui.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wanafunzi bora wamebaki shuleni kwa darasa maalumu. Ghafla televisheni inamwonyesha msichana anayeongoza shule nzima, kafungiwa ndani ya tangi la kioo, maji yanapanda. Linatolewa swali, wasipolijibu, anazama. Baadaye wanang'amua kwamba muuaji anafuata orodha ya matokeo, kuanzia juu.

Hapo ndipo Gosa inapoachana na Wamarekani. Katika desturi iliyoshika mizizi baada ya filamu ya Halloween ya 1978, wanaotangulia kufa ni walevi na wapenzi waliojificha, na anayenusurika ni binti mtulivu, mpenda vitabu. Huku bidii ndiyo inayokutanguliza kaburini. Aliyeshika mkia bado ana muda. Yeyote aliyewahi kutafuta jina lake kwenye matokeo yaliyobandikwa ubaoni, watu wakichungulia begani kwake, hahitaji kufafanuliwa.

Litazameni tangi kwa makini. Maji yanafanya kazi ya saa bila tarakimu yoyote kwenye skrini: kifuani, kidevuni, puani. Mtazamaji anapima mwenyewe. Hicho ndicho kipande bora cha filamu nzima, na kwa bahati mbaya kimewekwa mapema mno.

Kinachoharibika baada ya hapo ni mafumbo. Fumbo la filamu ya namna hii lina masharti: mtazamaji alione swali, apewe nafasi ya kulitafakari, na jibu litokane na alichokwisha kuonyeshwa. Gosa inatoa maswali ambayo wahusika wanayajibu kabla wewe hujamaliza kuyasoma. Ukishaacha kukokotoa, unabaki kungoja nani anafuata, na kungoja si hofu.

Tatizo jingine ni mkono wa mwongozaji, Yoon Hong-seung, anayejiita Chang. Alitoka kwenye video za muziki, na hii ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Hata nafasi kuu alimpa mwimbaji, Nam Gyu-ri wa kundi la SeeYa. Picha zinakatwa haraka mno. Hofu ya korido inataka ujue mlango uko wapi na nani yuko mbali nao; picha zikirukaruka, shule inakuwa haina ramani.

Wahakiki waliona vivuli vya Saw, filamu ya Kimarekani ya mitego ya kuua, na Battle Royale, ya Kijapani, ambamo wanafunzi hulazimishwa kuuana, wakalalamikia wahusika wepesi. Walikuwa na haki. Hata hivyo ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni moja na nusu. Mhakiki alipima mantiki ya muuaji; kijana aliitambua orodha. Mwaka 2010 ikaja sehemu ya pili, mwongozaji mwingine, mwimbaji mwingine, Ji-yeon wa T-ara, na tiketi zikapungua.

Chang mwenyewe alikwenda kwingine. Mwaka 2014 The Target, filamu yake ya kukimbizana, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes katika safu ya usiku wa manane. Huko ule mkato wa haraka ulikuwa umefika kwao.