Niulizeni Habari za Wale Ambao Hawakuwa Sosa

Naona mmeshaanza kutabasamu. Mnajua nikizungumzia malipo ya vijana wa besiboli naja na zile dola 3,500. Naam, naja nazo.

Mwaka 1985, Sammy Sosa, mng'arisha viatu wa mitaa ya San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika, alisaini na Texas Rangers akiwa na miaka 16. Akapewa dola 3,500. Karibu zote akamkabidhi mama yake, mwenyewe akabaki na za baiskeli. Huyo ndiye aliyekuja kuupeleka mpira nje ya uwanja mara 609 kwenye ligi kuu ya Marekani. Sasa kila nikitaja malipo ya vijana wa besiboli, hakosi mtu wa kusimama: "Mbona Sosa alitoka?" Ndugu yangu, Sosa ni mmoja! Niulize habari za yule usiyemjua jina.

Huyo alianza na vitilla, mchezo wa mitaani. Kifuniko cha dumu la maji kinarushwa, kinayumba hewani kama popo, naye anakifuata na mpini wa ufagio. Ndiyo maana vijana wale wana macho makali. Kisha anakuja dalali, wenyewe humwita buscón. Anamlisha, anamlaza, anamfundisha, na shule inaishia hapo. Siku ya kusaini dalali anakata chake, mara nyingi asilimia 30 hivi. Msinikatize, najua mnataka kusema ni mwizi. Wapo wezi. Lakini nani mwingine alimnunulia kijana yule viatu?

Akishasaini anaingia akademi. Timu zote 30 za ligi kuu zina akademi nchini humo. Anacheza ligi ya kiangazi ya hapohapo nyumbani, akibahatika anapandishwa Florida au Arizona, huko Marekani. Wengi huambiwa kwaheri kabla hawajavuka bahari, na cheti cha shule hawana.

"Lakini siku hizi wana chama cha kuwatetea." Wanacho, na mkataba wa 2023 uliinua kima cha chini cha mshahara wa Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya ligi kuu, kutoka dola 17,500 kwa mwaka hadi 35,800. Nilishangilia. Kisha nikasoma unamhusu nani: walioko Marekani. Vijana wa ile ligi ya kiangazi ya Dominika hawamo.

Nilitaka kugusa viza na ligi ya baridi, ila mwenyekiti ameshanyanyua saa mara mbili. Haya, maswali. Na la Sosa nimeshalijibu.