Kovu kidogo haisemi maumivu kidogo

Jambo bamama na bapapa, wenye muko nyuma musogee, viti biko. Miye niko kine, munganga wa mazoezi ya mwili, kazi yangu ni kuamshaka bagonjwa kwa kitanda kisha operesheni ya moyo, kwa hiyo kisu nawaachia bengine, leo naongea juu ya maumivu yenye inabakia.

Naulizwaka sana: njia gani ya operesheni ya moyo haiumizi? Watu wanaona kovu kidogo pembeni ya titi wanasema ile ndiyo muzuri. Ngojeni kwanza.

Njia yenye kuzoeleka, wanapasula mufupa wa katikati ya kifua juu mpaka chini, wakimaliza wanaufunga na nyuzi za chuma na zinabakia mule mule. Inaogopesha, kweli, lakini mufupa ukifungwa muzuri bila kutikisika maumivu inapungukaka polepole, yenye inatesa ni kukohoa, ndiyo maana tunakupatia mto uukumbatie, na ukohoe kweli, juu ukizuia makohozi unaweza pata nimoniya. Mufupa unaomba wiki 6 mpaka 12. Sasa hapa Goma ndiyo kazi iko! Bidoo ya maji ya litre 20 ni kilo 20, na sisi tunakatazaka kubeba kitu yenye inapitisha karibu kilo 5. Chukudu, ile ya mbao ya kusukuma mizigo, usiguse, mutoto mugongoni hapana, na moto (pikipiki) kwa zile barabara za mawe ya volkano, hata kama ni mwengine anaendesha, acha kwanza. Familia ijipange mbele ya operesheni, si kisha.

Njia ndogo wanapita katikati ya mbavu, mufupa ule haukatwi, unarudi ku kazi haraka kidogo. Lakini mbavu zinapanuliwa, na chini ya kila ubavu kuko neva, ikifinywa, siku za kwanza inaweza uma kupita ile ya kovu kubwa, bengine wanasikia kuwaka ao ganzi miezi na miezi. Mwulize munganga: mutachoma dawa ya kulaza hizo neva?

Kuko pia njia ya kupitisha vali, ule mulango wa damu wa ndani ya moyo, kwa mushipa wa paja, siku chache uko nyumbani, ila sanasana ni ya bazee wenye vali ya aorta imekazana. Vijana betu wenye homa ya rumatizimu iliharibu vali ya mitrali, mara nyingi ni kufungua kifua tu.

Dawa ya maumivu meza kwa saa yake, usingojee iume ndiyo umeze, na zile za nguvu zinafungaka choo, basi maji na lengalenga. Ukisikia kifua kinalia tak tak, ao usaha, ao homa, rudi ku hopitali siku ile ile.

Ndiyo mama, nimeona mukono, uliza.