Mtambo wa Bei Nafuu, Mkopo wa Bei Ghali

Mabibi na mabwana,

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992 ulizitaka nchi zilizoendelea ziwezeshe na kugharimia uhawilishaji wa teknolojia, yaani kufikisha mitambo na ujuzi wake, kwa nchi zinazoendelea. Wakati ule kikwazo kikubwa kilikuwa bei ya mitambo yenyewe. Tangu hapo, sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 iliyowahakikishia wazalishaji bei ya umeme wao, na baadaye viwanda vya China, vilisaidia kuteremsha bei ya paneli za jua kwa takribani asilimia 90 ndani ya muongo wa 2010 pekee.

Kilichobaki ghali ni fedha. Kituo cha makaa ya mawe hununua makaa yake mwaka hadi mwaka, ilhali kituo cha umeme wa jua hugharimiwa karibu chote kabla hakijawasha taa hata moja, na kwa hiyo uhai wake hutegemea riba. Chukueni mkopo wa dola milioni 100 unaolipwa kwa miaka 20: kwa riba ya asilimia 4, marejesho ya kila mwaka ni kama dola milioni 7.4, kwa asilimia 12, yanafika milioni 13.4. Paneli ni zile zile, na mara nyingi anayetozwa zaidi ndiye mwenye jua kali zaidi.

Ndiyo maana huniuma mjadala unapoishia kwenye ukubwa wa ahadi za fedha ambazo nchi tajiri huzitolea nchi zinazoendelea. Dola bilioni 100 kwa mwaka, zilizoahidiwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 zipatikane ifikapo 2020, zilitimia mwaka 2022 kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, na sehemu kubwa ya fedha za umma ilikuwa mikopo. Kwenye mkutano wa Baku, mwaka 2024, zikaahidiwa dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kwa masharti gani, na kwa sarafu ya nani? Anayekopa dola huku akiuza umeme kwa sarafu ya nchi yake, sarafu hiyo ikiporomoka, deni humwelemea bila kosa lake.

Mfano mwema tunao. Mfuko wa Pande Nyingi wa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, ulioanza kazi mwaka 1991, ulivilipia viwanda kwa ruzuku gharama ya ziada ya kuachana na kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, ukagharimia ofisi za ozoni serikalini, na ukafundisha mafundi wa majokofu kuikusanya gesi badala ya kuiachia hewani. Hao mafundi ndio ninaowakosa katika bajeti nyingi za leo, ambazo hununua mtambo na kusahau atakayeufungua na kuutengeneza siku utakapozimika.